Mkwe Mlangoni

"Raheli! Toka nje!"

Hapo ndipo tulipomwacha binti yetu, katikati ya Tamasha la Mavuno, kanisa limejaa mpaka madirishani, na Kwaya ya Nuru Mpya ndiyo kwanza imefungua kinywa. Kilichotoka kinywani mwao kilikuwa kiitikio cha wimbo wa Raheli. Wimbo ambao haujaimbwa popote. Wimbo ambao Kwaya ya Chemchemi ilikuwa inauficha kwa ajili ya kaseti yake mpya.

*Njoo mvua, njoo polepole,*
*usimwamshe aliyelala na njaa.*

Wengine mmenisimamisha njiani kuniuliza kama Raheli alizimia. Hakuzimia. Aliokota kitabu cha nyimbo ambacho mjomba wake alikiangusha kwa hasira, akakipangusa vumbi, akakiweka kwenye benchi. Kisha akatoka nje kama alivyoamriwa.

Mjomba Batholomeo alikuwa anamsubiri kando ya tangi la maji. Huyu ndiye mwenyekiti wa Chemchemi, mtu wa ofisi ya reli, mwenye suti moja na hasira nyingi. Hasira zake huwa hazifiki jioni, lakini hiyo ilikuwa asubuhi.

"Nani kawapa?"

"Sijui, Mjomba."

"Mchumba wako anapiga gitaa kwa hao hao. Mtunzi wa wimbo ni wewe. Nani mwingine?"

"Thobias sijamwimbia hata mstari mmoja."

"Hata kuguna?"

"Hata kuguna, Mjomba."

Batholomeo akavua miwani, akaivaa tena.

"Sikiliza. Jumamosi wakwe zako wanakuja kupanga siku ya harusi. Bibi yako nimeshamwita kutoka Mvumi aje kuwapokea. Lakini nikigundua ni wewe uliyetoa wimbo wa kwaya kwa ajili ya mvulana, harusi hakuna. Ng'ombe wao watarudi walikotoka, na nitawaswaga mimi mwenyewe!"

Mjomba Batholomeo ni Mgogo anayeogopa ng'ombe tangu utotoni. Kwa hiyo mjue kwamba alikuwa amekasirika kweli.

"Batholomeo," ikasema sauti nyuma ya tangi, "hebu mwache mtoto apumue."

Alikuwa Mama Yudith, kiongozi wa sauti ya pili, mwanamke mnene mwenye kicheko cha karibu. Alikuwa ametoka na mkoba wa Raheli, maana Raheli aliusahau ndani.

"Wimbo mmeuanika kwenye mtandao kama mtama juu ya mwamba," akasema, "halafu mnauliza ni kuku gani kapita?"

Na ilikuwa kweli.

Tangu wanakwaya walipotawanyika, huyu chuoni Dar es Salaam, yule kahamishiwa Mpwapwa, waliona tabu kupeana maneno ya nyimbo. Ndipo fundi kompyuta mmoja wa Chang'ombe, kijana aitwaye Ulimboka, alipowatengenezea ukurasa kwenye intaneti. Maneno yanakaa humo. Ukirekebisha mstari Dodoma, mwenzako wa Dar es Salaam anausoma. Ila hakuna aliyefikiria kuufunga. Mpita njia yeyote aliweza kusoma, na hata kuandika.

"Basi ufungwe," Batholomeo akasema. "Na ukishafungwa, yakitokea mengine, tutajua ni mtu wa ndani."

Aliposema "wa ndani" alimtazama Raheli.

* * *

Jumatatu Batholomeo na Mama Yudith walikwenda kwa Ulimboka. Chumba chake kiko kati ya kinyozi na duka la mitumba, kompyuta chache zimepangwa ukutani, moja dirishani, na kabati kubwa la vyombo vilivyokufa. Ulimboka ni kijana wa Tukuyu, mpole, na kwa ajili ya wazee ameweka kiti chenye mto. Hakuna aliyemwambia aweke mto.

"Shikamoo, Mzee. Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Funga ukurasa."

"Nitaweka neno la siri, Mzee. Mtu akija, ile kompyuta ya pembeni, inayotunza ukurasa wenu, itamuuliza kwanza. Asipolijua, haimwandikii kitu."

"Kwani huwa inaandika?"

"Ndiyo. Ukurasa haukai umepakuliwa tayari. Kila anayeomba, kompyuta inamwandikia wake papo hapo, kisha inampelekea. Sasa kabla ya kuandika, iulize."

"Kama mama ntilie anayejua kazi yake," Mama Yudith akasema. "Kwanza nikujue, ndipo nikupakulie."

"Hivyo hivyo, Mama."

Ulimboka akaandika na kuandika, mpaka chai yake ikapoa. Halafu akasema tayari. Batholomeo akaketi, akafungua, na kweli kisanduku kikatokea kikimuuliza neno la siri. Akafurahi kama mtu aliyejengewa geti.

Mama Yudith aliketi kwenye kompyuta ya pili, akaandika ile anwani ndefu aliyoizoea, inayokwenda moja kwa moja kwenye wimbo wa Raheli. Wimbo ukajaa kioo kizima. Hakuulizwa hata jina.

"Ulimboka mwanangu," akasema taratibu, "umefunga sebule. Jikoni kuko wazi."

Kijana akajishika kichwa, akacheka mwenyewe.

"Nimeweka swali kwenye ukurasa wa kwanza tu! Inabidi liwe juu ya kila ukurasa."

"Basi liweke. Hakuna aliyekufa."

Na wakati analiweka, Mama Yudith alivuka barabara akamletea maandazi. Wengine husahihisha mtu kisha wakaenda zao.

"Sasa nitaulizwa kila nikifungua ukurasa mwingine?" Batholomeo akalalamika. "Nitazeeka hapo."

"Hapana, Mzee. Ukijibu sawa mara moja, kompyuta unayotumia inawekewa alama, kama wino wa kidoleni siku ya kupiga kura. Kila ukurasa unatazama wino, unakupitisha. Ukimaliza, unabonyeza hapa chini palipoandikwa Toka. Hapo wino unafutika. Usipobonyeza, anayekuja kukaa baada yako atapita kwa kidole chako. Tafadhali msisahau."

"Sisi hatusahau," Batholomeo akasema.

Nawaomba mkumbuke ni nani aliyesema hivyo.

"Na neno lenyewe, Mzee?"

Batholomeo akatazama dirishani, akatazama mlangoni, akasubiri mpaka Mama Yudith alipotoka kurudisha sahani ya maandazi. Kisha akamnong'oneza kijana sikioni.

"Hilo?" Ulimboka akashangaa.

"Hilo hilo. Hakuna mtu wa Chemchemi anayelitamka. Adui ajaribu maneno ya Biblia nzima, hilo hatalifikiria."

Neno lilikuwa jina la mtu. Madeje.

Kwa ambao mmeanza kusoma leo: Mzee Madeje ndiye aliyeanzisha Kwaya ya Chemchemi, na ndiye aliyemfundisha Batholomeo kuimba, tangu Batholomeo akiwa na sauti ya kitoto. Vinanda vya umeme vilipoanza kujaa madukani, Batholomeo akataka kinanda. Mzee Madeje akataka zeze. Wakavutana mpaka mzee akatia zeze lake kwenye mfuko wa kitambaa, akavuka reli, akaanzisha Nuru Mpya. Tangu siku hiyo, pale Chemchemi anaitwa "yule".

Na Mzee Madeje ndiye baba yake Thobias. Ndiye baba mkwe wa Raheli.

Posa ilipokuja, Batholomeo alisema, "Namwoza kijana. Simwozi baba yake." Akalisema mara nyingi mno, mpaka nadhani akaliamini.

* * *

Kesho yake, mwanzo wa mazoezi, Batholomeo aliwaita wanakwaya mmoja mmoja na kuwanong'oneza neno. Tena kila mmoja alitakiwa kulirudia sikioni mwake, kuhakikisha. Mama Yudith hakuwapo. Alikuwa amekwenda msibani Mpwapwa.

Wengi wa waimbaji ni watu wa kuja, makarani wa Bunge na wanafunzi, huyu wa Bukoba, yule wa Tanga. Wakanong'onezwa, wakarudia, wakaenda kukaa.

Zamu ya Raheli ikafika.

Aliposikia neno, alivuta kanga mpaka kinywani. Ni lazima niwaeleze wasio wa huku. Kwetu Ugogo, ng'ombe wakishapokelewa, jina la baba mkwe halimo tena mdomoni mwa binti. Halitaji. Haliandiki. Akimwona mkwe njiani anapisha, akisikia sauti yake anajifunika. Hafanyi hivyo kwa chuki. Ni heshima, na Raheli alilelewa na bibi asiyecheza na heshima.

"Rudia," Batholomeo akasema.

"Nimesikia, Mjomba."

"Rudia basi."

"Nimesikia."

Batholomeo akamtazama kwa muda. Angemwelewa, kama asingekuwa na hasira. Lakini alimwona binti asiyetaka kutaja neno mbele yake, akafikiri, huyu ana lake moyoni. Raheli naye akafikiri, nikisema ni jina la mkwe wangu, nitamkumbusha kile kile kinachomkasirisha. Wakaachana hivyo, watu wawili wanaopendana.

Lakini wimbo ulikuwa haujakamilika! Ubeti wa tatu ulikuwa na mistari miwili tu, na kurekodi kaseti kumekaribia. Jumatano mchana, Raheli alipomaliza kufundisha watoto wake wa chekechea, alikwenda kwa Ulimboka, akaketi mbele ya kisanduku.

Akaweka vidole kwenye vibonye. Akavitoa. Akaviweka tena.

"Dada Raheli, umesahau neno?" Ulimboka akauliza.

"Sijasahau."

"Vibonye vinasumbua?"

"Vizuri tu."

Alikuwa amevuta kanga mpaka usoni. Ulimboka akaitazama ile kanga, akalifikiria lile neno, akamkumbuka Thobias na jina la baba yake. Akasimama wima.

"Dada," akasema kwa sauti ndogo, "kwetu Tukuyu, mama yangu akimwona babu anakuja, hukimbilia migombani. Siku moja alikimbia na sufuria la maharage. Tulikula usiku, yamejaa majani."

Raheli akacheka ndani ya kanga.

Kijana hakuuliza zaidi. Aliinama, akaliandika neno yeye, haraka, mwili wake ukiwa umekinga kioo. Kisha akaondoka kwenda kupanga nyaya ambazo zilikuwa zimepangika.

Raheli akakaa na wimbo wake, lakini mistari haikuja. Alipoondoka alibonyeza Toka. Ulimboka aliona.

* * *

Alhamisi, Batholomeo aliingia kwa Ulimboka kama treni isiyo na breki. Nyuma yake alikuwa Raheli, ametolewa darasani, chaki bado mikononi. Nyuma ya Raheli alikuwa Mama Yudith, ndiyo kwanza ameshuka basi la Mpwapwa, hata mzigo hajatua.

"Fungua wimbo," Batholomeo akamwamuru Ulimboka. "Soma ubeti wa tatu."

Ulimboka akafungua. Ubeti ulikuwa umekamilika. Chini ya mistari ya Raheli kulikuwa na mingine miwili, ambayo hakuna aliyeijua.

*Nilikungoja hata mtama ukachanua,*
*nikakuta umevunwa shamba la jirani.*

"Nani kaandika?" Batholomeo akafoka. "Ukurasa umefungwa. Neno tunalijua sisi tu. Sasa mkono wa nani huu?"

"Si wangu, Mjomba," Raheli akasema.

"Kama si wako, ni wa Thobias. Umempa neno!"

"Sikumpa."

"Ulikataa kulirudia sikioni mwangu. Kwa nini? Lilikuwa tayari limeshavuka reli?"

"Hapana, Mjomba."

"Basi litaje hapa, mbele ya watu, nikuone usoni. Ukilitaja bila kutetemeka, nitakuamini. Ukishindwa, Jumamosi nawafungia wageni mlango."

Raheli akafungua mdomo. Akaufunga. Machozi yakamlengalenga, lakini neno halikutoka. Akapoteza mchumba wake pale pale, wasomaji wangu, kwa neno moja ambalo mtoto yeyote wa mtaani angeweza kulisema.

"Mnaona!" Batholomeo akasema, na sauti yake haikuwa ya mshindi. Ilikuwa ya mtu aliyeumia.

"Ngoja kidogo," Mama Yudith akasema, akitua mzigo. "Neno lenyewe ni lipi? Mimi sijaambiwa. Nilikuwa msibani."

Batholomeo akamnong'oneza.

Mama Yudith akarudi nyuma hatua moja. Akamtazama Raheli. Akamtazama Batholomeo kuanzia viatu kwenda juu.

"Batholomeo mwana wa Miriam! Umemkalisha mkwe wa huyu mtoto mlangoni, halafu unamwambia apite?"

Batholomeo akavua miwani.

"Umemchagulia jina la nani? Ng'ombe wale ulipokea kutoka kwa nani? Walikuja wenyewe wakitembea?"

"Mimi... namwoza kijana," Batholomeo akasema.

"Kijana aliota shambani? Hana baba? Mtoto huyu hawezi kulitaja, hawezi kuliandika, hata ukimpa ufalme! Angempaje Thobias neno ambalo hawezi kulitia mdomoni?"

"Ni kweli, Mzee," Ulimboka akasema. "Hajaliandika hata mara moja. Nilimfungulia mimi. Na alipoondoka alibonyeza Toka, nilimwona."

Batholomeo akaketi kwenye kile kiti chenye mto. Alionekana mdogo.

"Kwa nini hukuniambia, Raheli?"

"Ningekuambiaje, Mjomba, bila kumtaja?"

Hapo Mama Yudith akaangua kicheko, na Ulimboka akacheka, na mwisho hata Batholomeo mabega yakaanza kumtikisika. Akatoa mfukoni karanga za kukaanga, akammiminia Raheli zote kwenye viganja vyenye chaki. Mwenyekiti wetu hajui kusema nisamehe. Lakini karanga zake anazipenda sana, na hakubakiza hata moja.

"Jumamosi wageni waje," akasema. "Mlango utakuwa wazi."

Raheli akavuta pumzi ya kwanza tangu Jumapili.

Lakini ile mistari miwili bado ilikuwa pale kwenye kioo, na haikujiandika.

* * *

Ulimboka alikuwa ameinama kwenye ile kompyuta ya pembeni.

"Mistari imeandikwa jana alasiri," akasema. "Kutoka humu humu ndani. Kompyuta ya dirishani. Na neno la siri liliandikwa sawasawa. Nani wa kwaya alikaa dirishani jana?"

Batholomeo akakohoa.

"Nilikaa mimi kidogo," akasema. "Kusoma tu."

"Uliondokaje, Mzee?"

"Alipita mwinjilisti wetu wa zamani, yule wa Mvumi. Akanisalimia dirishani. Ningeachaje? Nikatoka tukasalimiana."

Mnajua salamu zetu. Habari za nyumbani, za mifugo, za mvua, za walio hai na za waliotangulia. Kisha mgeni akiaga, unamsindikiza.

"Ukamsindikiza mpaka wapi?" Mama Yudith akauliza.

"Mpaka kona."

"Batholomeo."

"Mpaka stendi."

"Na Toka ulibonyeza?" Ulimboka akauliza kwa upole.

"Mgeni amesimama juani, mimi nibonyezebonyeze? Ningeonekana mtu wa namna gani?"

"Sisi hatusahau," Mama Yudith akasema, akiiga sauti yake barabara.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Mlango ulifungwa vizuri, kila ukurasa ukawekewa swali, na mwenye ufunguo akauacha wazi kwa sababu ya adabu njema.

"Baada yako alikaa nani?" Raheli akauliza.

Ulimboka akakuna kichwa. "Mzee mmoja. Simjui. Alikuwa na kitu kirefu kwenye mfuko wa kitambaa. Alisema anapumzika kivulini tu, nikamkaribisha akae bure. Akaona maneno kwenye kioo, akayasoma muda mrefu. Akaniuliza jinsi ya kuandika herufi, nikamwonyesha, nikidhani ni mwenzenu. Alipoondoka alipangusa vibonye kwa leso yake, akasema asante mwanangu."

"Kitu kirefu," Batholomeo akarudia. "Kama zeze?"

"Huenda, Mzee."

Batholomeo akasimama. "Yule! Yule ameingia ukurasani mwangu kwa jina lake mwenyewe!"

"Kwa kidole chako," Mama Yudith akamrekebisha.

Raheli hakuwasikia. Alikuwa anaisoma ile mistari tena na tena. Ilikuwa mizuri kuliko yake. Ilikaa kwenye ule wimbo kama mguu kwenye kiatu chake.

"Mjomba," akasema polepole, "kile kiitikio, mimi nilikiokota kwa Bibi. Alikuwa anakiguna akisaga. Sikumuuliza alikipata wapi."

"Mama yangu?" Batholomeo akashangaa. "Mama yangu haimbi."

"Anaguna, Mjomba. Akidhani yuko peke yake."

Mama Yudith akaisoma mistari naye, midomo ikicheza.

"Nilikungoja... umevunwa shamba la jirani," akasema. "Jamani, huu mstari si wa mvua."

* * *

Ijumaa, Ulimboka aliwaita waone mlango mpya. Sasa kila mwanakwaya angekuwa na neno lake mwenyewe, lililochaguliwa na moyo wake, asimwambie mtu. Na anayesahau kubonyeza Toka, akikaa kimya kwa muda, wino unafutika wenyewe.

"Hilo umelitengeneza kwa ajili yangu," Batholomeo akasema.

"Kwa ajili ya wenye adabu wote, Mzee."

Raheli akachagua neno lake. Akaliandika kwa mkono wake, bila kanga usoni, na ukurasa ukafunguka. Alitabasamu mpaka Ulimboka akageuka kando amwachie furaha yake.

"Na hapa kwangu," kijana akaendelea, "nimeweka kitu kidogo. Mtu akikosea neno, naona alichoandika, ili nijue ni nani anahitaji msaada. Ni kwa muda tu. Wiki ijayo nitakiondoa, si vizuri kuona mambo ya watu."

Hajamaliza kusema, neno likatokea kwenye kioo chake.

*hodi*

Wote wakainama kutazama.

"Nani huyo anapiga hodi kwenye kisanduku?" Batholomeo akacheka.

Likaja jingine. *hodi wenyewe*

"Maskini!" Mama Yudith akasema, akijifuta machozi ya kicheko. "Anadhani ni mlango."

"Si ni mlango?" Raheli akasema. "Angefanyaje?"

Kisha likaja jina. *madeje*

Kicheko kikakatika. Raheli akavuta kanga. Jana jina hilo lingefungua. Leo lilikataliwa.

"Anaandikia wapi?" Batholomeo akanong'ona.

Ulimboka akatazama namba, akaonyesha kwa kidevu.

Dirishani, amewapa mgongo, alikuwa ameketi mzee mwenye kofia ya pama. Mfuko mrefu wa kitambaa umeegemezwa ukutani. Aliandika kwa kidole kimoja, herufi moja, kisha anatafuta nyingine. Kwenye kioo chake kila herufi iligeuka nyota, kwa hiyo hakuona alichokuwa anakiandika. Aliandika hivyo hivyo.

Raheli alikuwa ameshajibanza nyuma ya kabati la vyombo vilivyokufa. Batholomeo akakunja mikono ya shati, akapiga hatua moja. Mama Yudith akamshika shati kwa nyuma.

"Mwache amalize."

Ikachukua muda. Halafu maneno yakatokea kwenye kioo cha Ulimboka, yote kwa pamoja.

*ni mimi mwenye jina sikuiba kiitikio ni changu nilimtungia miriam wa mvumi kabla hajaolewa mwambieni nimeumaliza wimbo*

Batholomeo akasoma. Akasoma tena. Mikono ya shati ikateremka yenyewe.

"Miriam," akasema. "Mama yangu."

Nyuma ya kabati Raheli akavuta kanga mpaka machoni.

Ndipo kivuli kikasimama mlangoni. Mwanamke mzee, amechoka na safari ya basi, kapu la kuku mkononi, vumbi la Mvumi kwenye kandambili. Alikuwa ameelekezwa kwamba mwanawe yuko huku kwa wenye kompyuta.

"Hodi," akasema.

Yule mzee wa dirishani hakugeuka. Kidole chake kilibaki hewani, juu ya vibonye.

"Karibu, Miriam," akajibu.